Umeokoka Jumapili, Jumatatu Unaanzia Wapi?

Mwisho wa mkutano wa injili huwa kuna meza ndogo pembeni ya jukwaa. Juu yake kuna kalamu iliyofungwa kwa uzi na karatasi zenye mistari michache: jina, mtaa, namba ya simu. Umeongozwa sala ya toba, umelia au hukulia, umejaza karatasi, na watu usiowajua wamekupa mkono wakikwambia "karibu nyumbani". Kisha jenereta inazimwa, vijana wanakunja nyaya za spika, nawe unatafuta bodaboda ya kukurudisha kwako.

Kesho yake ni Jumatatu. Mwenye duka bado anakudai. Jirani uliyemtukana wiki iliyopita bado anaanika nguo kwenye kamba ile ile. Karatasi yako iko kwenye mkoba wa mtu fulani, na kwa nilivyoona mimi, simu inaweza isipigwe.

Nimefundisha darasa la waongofu wapya kwa miaka kadhaa katika ushirika mdogo. Mwongozo huu nimemwandikia mtu wa Jumatatu hiyo. Unamfaa pia mpendwa mkongwe ambaye jina lake liko kwenye kila ratiba ya kanisa huku ndani amekauka. Hatua zimepangwa kwa makusudi. Ukiruka ile ya kwanza utachoka mapema, na walio karibu nawe watachoka kabla yako.

Hatua ya kwanza: jua ulichopewa kabla hujaanza kukilipia

Fungua Waefeso 2, aya ya 8 hadi ya 10. Zisome zote tatu kwa pumzi moja, maana watu wengi huzikata. Wapo wanaoishia aya ya 9, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu", wakafunga Biblia na kukaa. Wapo wanaorukia aya ya 10, "tutende matendo mema", wakaanza kukimbia. Paulo aliziandika zifuatane: kwanza umeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ni kipawa cha Mungu, halafu umeumbwa katika Kristo Yesu utende matendo mema ambayo Mungu alikwisha kuyatengeneza tokea awali.

Angalia kitenzi. Sisi tumezoea kusema "nimeokoka", kama mtu anavyosema nimeamka au nimepona. Biblia ya Kiswahili pale imeandika "mmeokolewa". Kwenye kuokolewa kuna aliyeokoa. Mtu aliyetolewa kisimani hasimami pembeni akijisifu jinsi alivyoishika kamba.

Na neno neema lenyewe, kabla halijaingia kanisani, mkulima analijua. Mvua zikinyesha kwa wakati wake, mahindi yakabeba na ng'ombe wakanenepa, wazee husema mwaka huu ni wa neema. Hakuna mtu kijijini aliyeileta mvua ile. Lakini tazama watu wanavyofanya kazi mwaka wa neema: wanapalilia, wanavuna, wanapukuchua, wanatafuta magunia, wanaita ndugu kutoka mjini waje kusaidia. Mwaka wa ukame jembe linaning'inia ukutani. Mvua ndiyo inayoleta kazi. Kazi haijawahi kuleta mvua. Waefeso 2:10 mimi naielewa hivyo.

Sasa mambo ya kufanya katika hatua hii, na usiyaharakishe. Jipe wiki nzima.

Kwanza, kama huna uhakika uliombaje pale mkutanoni, omba tena peke yako, kwa lugha unayogombania nayo sokoni. Mwambie Mungu umekosa, na utaje makosa kwa majina yake. Mwambie unaamini kwamba Yesu alikufa kwa ajili ya makosa hayo na akafufuka. Mwombe akupokee. Hakuna maneno maalumu, na machozi si risiti. Nimeshafundisha watu waliookoka wakiwa wakavu kama jiwe ambao leo ni nguzo za ushirika, na wengine waliogaagaa vumbini ambao sikuwaona tena baada ya wiki tatu.

Pili, soma Luka 19, aya kumi za mwanzo, habari za Zakayo wa Yeriko, mtoza ushuru tajiri. Chukua daftari uandike mambo kwa mfuatano yalivyotokea. Yesu anatazama juu kwenye mkuyu. Anamwita kwa jina. Anasema leo imempasa kushinda nyumbani mwake. Zakayo anashuka na kumpokea kwa furaha. Watu wananung'unika. Ni hapo tu ndipo Zakayo anaposema atatoa nusu ya mali yake kwa maskini na kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Mgeni ameshakubali kuja kwa mwizi, na mwizi hajatoa hata senti. Zakayo angetangaza nusu ya mali akiwa bado juu ya mti ili akaribishwe, hiyo ingekuwa biashara nyingine tu ya mtoza ushuru.

Tatu, jiulize swali hili usiku ukiwa umetulia: nikiugua miezi sita, nisiweze kufagia kanisa wala kuimba wala kutoa sadaka, Mungu atanipenda pungufu? Mdomo utajibu upesi kwamba hapana. Subiri tumbo nalo lijibu.

Langu lilichelewa sana kujibu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa kwaya, zamu ya usafi, mkesha wa Ijumaa, maombi ya alfajiri na ulinzi wa vyombo vya muziki. Watu walinisifu. Ndani nilikuwa naweka hesabu: nani hakuja zamu, nani amekaa kiti cha mbele wakati benchi nililipanga mimi. Siku moja nilimfokea kijana aliyeokoka mwezi uliopita kwa sababu aliingia na matope pale nilipopiga deki. Alitoka nje, akavua viatu, akarudi peku. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa anatuangalia akaniambia taratibu, "Naona unamdai Bwana mwanambuzi." Ilinichukua nusu saa kukumbuka ni kaka mkubwa wa Luka 15, yule aliyehesabu miaka ya utumishi wake mlangoni, akilalamika hajawahi kupewa hata mwanambuzi, huku ndani ndama aliyenona akiliwa. Hasira ya namna hiyo ukiiona kwako, acha zamu zote wiki mbili. Kanisa litafagiwa na wengine. Rudi hatua ya kwanza.

Hatua ya pili: tengeneza ya nyuma

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa kuwa siku hizi mahubiri mengi hupita juu yake kama gari kwenye tuta.

Watu wa uamsho wa Afrika Mashariki waliita jambo hili kutengeneza. Historia yenyewe ni fupi kuieleza. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi kwenye hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alifika Kampala amechoka mwili na roho. Kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Mganda, Simeoni Nsibambi, aliyekuwa naye na kiu ile ile. Wakakaa pamoja na Biblia, wakasoma, wakaomba. Miaka ya 1930 moto ulishika Gahini, ukavuka kwenda Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Waliookoka waliitwa Balokole, ndiyo walokole wa leo, na wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, bado unaimbwa kwenye misiba na mikutano hata na wasiojua Kiganda.

Kilichowashangaza majirani zaidi ya kuimba kwao kilikuwa kurudisha. Watu walirudisha vitu walivyoiba kwa waajiri, walilipa madeni ya zamani, waliomba radhi waliokuwa wakichukiana nao. Festo Kivengere, aliyewahi kufundisha shule Dodoma kabla ya kuwa askofu wa Kigezi, Uganda, alisimulia jinsi alivyopanda baiskeli safari ndefu kwenda kumwomba radhi mmisionari Mzungu ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Fikiria barabara za wakati ule. Fikiria pia kwamba Mwafrika chini ya ukoloni alikuwa na sababu za haki za kukasirika. Alikwenda kuikabidhi chuki yake mwenyewe, basi; makosa ya yule mwingine aliyaacha mikononi mwa mwenyewe.

Utafanyaje wewe?

Chukua karatasi, uchore mistari upate safu tatu. Safu ya kwanza: nani. Ya pili: nini. Ya tatu: kiasi gani, au nilisema nini. Andika yote, hata yale madogo yanayokuchekesha. Halafu anza na lile dogo unaloweza kulimaliza wiki hii. Ukianza na kubwa kuliko yote utaahirisha hadi parapanda.

Nikueleze kosa langu ili usilirudie. Kabla sijaokoka nilikuwa karani wa stoo kwenye ujenzi wa ghorofa. Niliiba saruji. Baada ya kuokoka ilinisumbua, nikadunduliza miezi minne, nikaenda kwa bosi wangu wa zamani na pesa ndani ya bahasha ya kaki. Nilimkuta anakunywa chai. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Nimeokoka. Mifuko sita ya saruji ile iliyopungua, niliichukua mimi. Bei ya wakati ule hii hapa, na kidogo juu yake." Akaipokea bahasha, akamwaga noti mezani, akazihesabu moja moja huku akilowesha kidole kwenye ukingo wa kikombe. Alipomaliza akaninyanyulia macho.

"Na nondo?"

Nondo nilikuwa nimezichukua. Saba. Nilikuwa nimejiambia nondo ni suala la dereva, mimi nilifumba macho tu. Nilisimama pale na ushuhuda wangu umekatika katikati. Nikamwambia, "Na nondo, mzee." Akasema, "Basi uje tena." Nilidunduliza tena, nikaenda tena. Mara ya pili hakuhesabu, wala hakunisifu, wala hakuokoka. Alinisukumia kiti na kuniuliza kama nimeshakunywa chai.

Kwa hiyo orodha yako iwe kamili kabla hujatoka nyumbani. Nenda na kitu mkononi inapowezekana, maana radhi isiyo na pesa kwa mtu uliyemwibia pesa ni maneno. Kama huna zote, sema utalipa kiasi gani na tarehe ngapi, kisha tarehe hiyo ikikuta unadaiwa na wengine, mpigie yeye kabla hajakupigia. Na usimhubirie. Umekwenda kulipa deni. Akitaka kujua kilichokupata atauliza mwenyewe.

Aliyekwisha kufariki? Hesabu 5, aya ya 7 na ya 8, imeliwaza hilo zamani: mkosaji anarudisha kamili, anaongeza sehemu ya tano, na kama aliyekosewa hayupo anampa jamaa yake, kama hana jamaa, inakwenda kwa Bwana kwa mkono wa kuhani. Sehemu ya tano ya laki moja ni elfu ishirini. Hatuko chini ya torati, lakini kama kipimo cha aibu njema sijaona kilicho bora zaidi. Mtafute mtoto wake, mjane wake, nduguye.

Hapa kuna mipaka mitatu, nami ninaishikilia kwa nguvu.

Ungama la kwako, usiungame la mwenzako. Kama ulizini, usisimame kanisani ukataja jina la mwanamke wa watu au mume wa mtu. Nimeona nyumba ikivunjika kwa "ushuhuda" wa dakika tano. Mambo ya namna hiyo yazungumze faragha na mchungaji au mzee unayemwamini, na mkiwa na ndoa ndani yake, tembeeni polepole.

Kama ulimdhuru mtu mwili wake, usiende kubisha hodi kwake ili wewe upate amani. Amani yako haina haki ya kumtetemesha yeye. Pitia kwa mtu wa kati, na kama hataki kukuona, umwache.

Na kama ni jinai, tafuta wakili au msaada wa kisheria pamoja na ushauri wa mchungaji, kabla ya kusema lolote kwenye kipaza sauti. Neema inafuta hatia mbele za Mungu. Jalada la polisi lina njia yake, na mtu aliyesamehewa anaweza kuipita njia hiyo akiwa hajifichi. Jambo likiwa linamhusu mtoto anayeumizwa sasa hivi, hapo hakuna siri ya toba: Tanzania na Kenya namba ya simu ya kuwasaidia watoto ni 116, na haitozwi.

Ukimaliza orodha yako, ichane. Hukumlipa Mungu hata shilingi. Ulikuwa unawalipa watu.

Hatua ya tatu: anzia ndani ya nyumba

Mtu akiokoka hutaka kwenda mbali. Anataka kuhubiri stendi. Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani, tena ni mbaya kuliko mtu asiyeamini. Maneno makali hayo, nami siwezi kuyalainisha.

Osha vyombo. Lipa ada kabla ya kununua suti ya kwaya. Baba, rudi nyumbani mapema siku tatu kwa wiki na usitangaze kwamba umerudi mapema. Mama, mkesha ni mzuri, ila mtoto mwenye homa ndiye madhabahu yako usiku ule. Mwenzi wako akiwa hajaokoka, usimgeuze mradi wa maombi unaosimuliwa kwenye kikundi.

Halafu kuna dada wa kazi. Ukitaka kujua kama neema imeingia kwenye nyumba ya mlokole, muulize dada wa kazi mshahara wake umetoka tarehe ngapi. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na vilio vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Unapomwombea mgonjwa kwa sauti sebuleni, jikoni yupo mtu ambaye hajalipwa tangu mwezi juzi.

Hatua ya nne: pata watu wa kutembea nao

Watatu au wanne wanatosha, wa jinsia yako, wakutane kila wiki, saa moja na nusu, chai ya rangi isiyo na mashindano ya vitafunwa. Mnasoma aya chache. Kila mtu anajibu maswali mawili: wiki hii Mungu amenionyesha nini, na wapi nimeanguka. Uamsho ule uliita hali hii kutembea nuruni, kutokana na 1 Yohana 1:7. Kinachosemwa hapo hakitoki, hata kwa jina la "tumwombee fulani".

Kuhusu kanisa la kujiunga nalo nina kipimo kimoja. Ukiambiwa kwamba baraka, uponyaji au msamaha utakuja baada ya kununua chupa ya mafuta, maji, kitambaa au stika, vaa viatu vyako. Sadaka ya moyo wa kupenda naijua na ninaitoa. Lakini kipawa chenye bei ni bidhaa. Petro alimwambia Simoni wa Samaria fedha yake ipotelee mbali pamoja naye kwa kudhani kipawa cha Mungu hupatikana kwa mali. Aliyekuwa anakemewa pale ni mnunuzi. Muuzaji angeambiwa nini sijui.

Hatua ya tano: mtu mmoja, siku moja

Sasa ndipo unakuja utumishi wenyewe, na wengi huharibu hapa kwa kuanza na makubwa. Wanaanzisha huduma, wanachapa fulana, wanapiga picha na watoto yatima wameshika sabuni. Wewe chagua mtu mmoja ambaye hawezi kukulipa, na siku moja ya wiki. Basi.

Msamaria wa Luka 10, aliyemkuta njiani mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, ni fundi wa jambo hili, ukimsoma kwa jicho la vitendo. Alisogea karibu kwanza. Akatumia alichokuwa nacho, mafuta na divai. Akampandisha kwenye mnyama wake, maana yake yeye alitembea. Akalala naye nyumba ya wageni usiku mmoja. Asubuhi akatoa dinari mbili, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili, akamkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba, akaahidi kulipa zaidi atakaporudi, kisha akaendelea na safari yake. Sehemu hiyo ya mwisho hatuihubiri. Hakuacha safari yake. Alijua kiasi, akashirikisha mtu mwingine, na akaahidi kurudi.

Ukichagua wodi ya hospitali, nenda saa za kuona wagonjwa na muulize muuguzi kwanza. Huyu anaruhusiwa kula? Ana sukari? Anasubiri upasuaji? Uji wako mtamu unaweza kumwahirishia mtu operesheni. Vitu vinavyofaa kuliko matunda ni vile visivyokumbukwa: sabuni ya kufulia, ndala, beseni, kanga, karatasi za chooni, uji mwepesi kwenye chupa ya chai kwa aliyeruhusiwa. Usikae kitandani kwa mgonjwa. Omba kwa sauti ya watu wawili, baada ya kuuliza kama anataka kuombewa. Wodi ile ina Waislamu, ina wasio na dini, ina aliyelala kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili. Na mtazame mgonjwa wa kitanda cha jirani asiye na mgeni. Mara nyingi huyo ndiye uliyetumwa kwake bila kujua.

Picha usipige. Mkono wa kushoto usijue, Mathayo 6:3, na simu iko mkono upi?

Pesa ina adabu zake. Panga kiasi cha mwezi, kiwe kidogo unachoweza kukitoa bila kuiba ada ya mtoto, na kikiisha kimeisha. Sema "mwezi huu sina" bila kujieleza sana. Usikopeshe unaowahudumia. Toa au usitoe. Mkopo kwa mhitaji hugeuza njia yake ya kwenda sokoni, ataanza kuzunguka nyuma ya nyumba asikutane nawe. Penye tatizo kubwa kuliko uwezo wako, kama mzee anayepigwa na wanawe au binti anayelazimishwa ndoa, mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa kata na uende naye, usimwelekeze tu njia.

Mkiwa kikundi, andikeni majina. Kanisa la Yerusalemu lilijikuta wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku, Matendo 6, na dawa yake ilikuwa watu saba waliochaguliwa kwa jambo hilo. Upendo usio na daftari huwa unawahudumia wale wale wanaokaa karibu na mlango.

Utakapoanguka

Utaanguka. Labda utamtukana kondakta, labda utarudia kinywaji, labda zaidi. Usijipe adhabu ya wiki mbili za kutokuja ibadani ili "usafike" kwanza. Rudi siku hiyo hiyo kwa mlango ule ule ulioingilia: taja kosa, amini, pokea. Mpigie mmoja wa wale watatu. Kama kuna mtu wa kutengeneza naye, tengeneza. Na Alhamisi yako ya kumhudumia yule mtu ikifika, nenda, hata kama unajiona mchafu. Yeye anahitaji maji, na maji hayajui umeshindaje.

Hatua ya mwisho: ujue kupewa

Hatua hii niliikosa kwa muda mrefu kwa sababu haifanani na kazi.

Mtu wangu wa Alhamisi alikuwa bibi mmoja aliyekaa chumba cha uani, macho yamefifia, wajukuu wako mbali. Nilikuwa namchotea madumu manne, nampasulia kuni, nasoma Zaburi moja, naondoka. Alikuwa na kuku watatu. Kila wiki alitaka kunipa mayai, na kila wiki nilikataa. "Hapana bibi, haya yako, uza upate chumvi." Nilijiona mwema sana nikirudi mikono mitupu.

Wiki moja alinizuia mlangoni. Alikuwa ameshayafunga mayai manne kwenye gazeti, na juu yake akafunga kipande cha kanga. Nikaanza wimbo wangu wa hapana bibi. Akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Mjukuu wangu, we kila siku unanisomea Mungu katupa bure. Mbona wewe kupewa hutaki?"

Nikayapokea. Daladala ilikuwa imejaa, nikasimama hadi mwisho wa safari, mkono mmoja umeshika bomba la juu, mwingine umeyakumbatia yale mayai kifuani, na kila tuta nililiona kabla ya dereva.